Malalamiko Kuhusu Mke Wangu Kuchomwa Kabla ya Kukatwa

Kijiji cha Kidete,
Wilaya ya Kilosa.
9 Agosti 1982

Ndugu Daktari wa Mionzi,

Shikamoo. Ikiwa umri wako ni mdogo kuliko wangu, tafadhali nirudishie shikamoo hiyo utakapojibu.

Mimi ni Anselmi, mume wa Hildegarda, yule mwenye saratani ya titi uliyemlaza chini ya mashine wiki tano huko Dar es Salaam. Nina malalamiko.

1. Ulisema uvimbe umekuwa mkubwa, umeshikana na ngozi, hivyo uchomwe kwanza kwa mionzi usinyae, ndipo mwenzako aukate. Ndugu, huku kwetu mbuzi huchinjwa kwanza, akachomwa baadaye. Nani aliyebadilisha utaratibu huu, na katika mkutano gani?

2. Ulimchora mistari ya wino kifuani, ukakataza isioshwe. Habari zikamfikia mwenyekiti wa kijiji, akaja kuniuliza kwa upole kama serikali inataka kupitisha barabara.

3. Umemkataza jua na moto mpaka ngozi ipone. Kwa hiyo shamba la ujamaa naenda mimi kwa zamu mbili, na ugali nasonga mimi. Jirani yetu Paulina huja kila siku kuutazama ugali huo, kisha huenda kuwasimulia wengine.

4. Uvimbe umesinyaa kweli. Hapo ndipo ulipotuharibia. Ulikuwa kama ngumi, sasa ni kama njugu mawe. Nikamwambia mke wangu, "Mama Lea, ugonjwa umeshindwa. Kisu cha nini tena?" Akanijibu, "Nyoka aliyezimia hajafa. Mimi nakwenda." Akaendelea kukunja kanga zake. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, hajawahi kunijibu kwa kifupi hivyo.

Kwa sababu hizo naomba upasuaji ufutwe. Ikishindikana, uahirishwe hadi tuvune mpunga wa mwakani. Hilo nalo likishindikana, nikatwe mimi, popote mtakapochagua, kwani nina afya na nyama ya kutosha.

Nisalimie wauguzi wote, hasa Sista Costancia aliyemfunika mke wangu shuka alipokuwa akitetemeka, na fundi wa mashine, na mashine yenyewe.

Wako katika kulijenga taifa,
Anselmi Lukasi

N.B. Nimeshakata tiketi mbili za treni ya Alhamisi. Juzi nilimkuta Hildegarda nyuma ya nyumba analia. Kumbe naye anaogopa. Tafadhali msiahirishe hata siku moja. Damu ikihitajika, mimi nitakuwa kwenye benchi, nje ya mlango.