Mawe Meupe ya Majuu

Jumatatu hiyo chai ilikuwa haijachemka vizuri redio iliposema mvua kubwa inaanza Ijumaa. Bando akapiga paja lake, akanigeukia.

"Mathe, ongeza sauti! Ijumaa mvua, Jumamosi wakwe wa Majuu. Hata mawingu yamealikwa!"

Kijiwe kizima kikacheka. Kijiwe chetu ni mabenchi mawili na jiko langu, nyuma ya ukumbi wa Kaloleni. Ng'ambo ya njia lori lilikuwa limetoka tu kumwaga mlima wa mawe madogo meupe pepepe mbele ya nyumba ya Majuu. Jina lake hasa ni Javan. Tulimwita Majuu kwa sababu alikaa Doha miaka miwili akilinda pakingi ya matajiri, pakingi iliyotandazwa mawe kama hayo. Gari hana. Ana baiskeli, nayo haina cheni.

Lakini shida yake haikuwa ya kuchekwa. Mwezi wa nne, watu wa Murang'a walipokuja kumuulizia binti yake Muhonja, shangazi wa kijana alikanyaga uwanja wake. Udongo mweusi ukamnyonya kiatu, akarudi kwao mguu mmoja peku. Tangu hapo tukawa tunasikia shangazi anauliza kama wasichana wameisha huko kwenye ardhi kavu. Jumamosi wanarudi kuzungumza mahari, na Majuu ameapa gari lao litaingia mpaka mlangoni.

"Mawe meupe juu ya udongo mweusi," akasema Injinia akipuliza chai. "Hiyo ni kupaka jipu poda."

Injinia ni Luseno. Uinjinia wake aliupata kwenye ujenzi wa barabara, miezi minane akishika bendera nyekundu ya kusimamisha magari. Ila mkono ulishika bendera, macho yalikuwa yanasoma.

Majuu alisikia, akavuka njia mbio. "Luseno, wewe ulishika bendera tu. Mimi mawe haya nimeishi juu yake!"

"Juu yake, ndiyo. Chini yake uliona nini?"

"Kitu kisichoonekana nakinunulia nini?"

"Haya, endelea. Lakini nikwambie bure. Kwanza unachimba huo udongo, futi moja na nusu, unautupa mbali. Huo ukinyeshewa unavimba kama mandazi ya Mama Ndete."

"Mandazi yangu usiyaingize," nikasema.

"Pole, mama. Halafu unapanga mawe makubwa ya kupasuliwa na nyundo. Unashindilia mpaka jasho liingie viatuni. Juu yake maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, unamwagia maji, unashindilia tena. Kisha kokoto zenye pembe, zile zinazoumana. Mwisho kabisa ndiyo haya mapambo, tena kidogo. Na haya yako ni ya duara kama mayai ya kwale! Jiwe la duara halishiki mwenzake, kila moja linashika njia yake."

"Kama wapiga kura," akasema Spika. Huyo ni Musyoka, karani mstaafu wa reli. Hajawahi kuona ubishi asiufungulie kikao.

Bando akainua simu. Ni Kim, mwendesha boda, na bando lake la intaneti haliishi hata unga ukiisha kwake. "Injinia, hiyo ni pakingi ama unachimba kaburi? Cheki hapa. Jamaa anamwaga, anasawazisha na reki, dakika tatu kazi imeisha!"

"Na huko ndani ya simu kuna udongo wa Kaloleni?"

"Wageni wanaangalia sura," Majuu akasema. "Hakuna mkwe anakuja na jembe kuchimba aone chini!"

Spika akagonga benchi. "Hoja imepita. Mheshimiwa ameamua kuzama."

Sasa niseme niliyoyaona, maana Mungu alinipa macho na jiko linaloangalia njia. Jumanne Spika alipita na gazeti kwapa moja, karai kwapa la pili. Jioni hiyo mlangoni pake, pale maji ya bomba hutuama, palikuwa peupe. Bando alipakia gunia kwenye boda, akaondoka nalo kama abiria mzito asiyependa kuongea. Injinia mwenyewe, aliyeyatukana mawe hayo, alibeba karai tatu. Nilipomtazama akasema ni za utafiti. Yote mchana kweupe, tena wakisalimia watu. Nilijiambia Mungu ameona, sina haja ya kumwongezea.

Alhamisi Majuu akaja ameshika kichwa. "Mlima wangu umekonda!"

"Ni mbuzi, mzae," Bando akasema.

"Mbuzi anakula mawe?"

"Wa hapa? Anakula mifuko ya nailoni, mawe ni ya kushushia."

Spika akasimama. "Kijiwe hiki kinalaani wizi huu kwa sauti moja. Wanaounga mkono?"

Mikono ikainuka, na kila kiganja kilikuwa na vumbi jeupe. Majuu alikuwa amenigeukia mimi, hakuona.

"Mama Ndete, wewe hakuna kinachokupita. Ni nani?"

"Mimi huangalia mandazi, Baba Muhonja. Ukigeuka tu, yameungua."

Majuu akatandaza yaliyobaki, unene wa kidole, juu ya udongo vilevile ulivyolala. Ilipendeza, siwezi kudanganya. Muhonja alitoka kuipiga picha. Ijumaa ikanyesha kutwa.

Jumamosi saa tano gari likaja, kubwa, jeusi, linanguruma kwa adabu. Likaingia juu ya mawe meupe, likasimama, kisha likaanza kuketi. Mawe yakapotea kama sukari kwenye uji. Dereva akakanyaga mafuta, tope likaruka hadi kwenye pazia la sebule. Muhonja alikuwa mlangoni na gauni lake jipya, machozi yanamlenga.

Shangazi Teresiah akafungua mlango, akatoa mguu. Safari hii alikuja na gambuti.

"Si nilisema?" akawaambia walio ndani.

Mzee Gichuru, baba wa kijana, alimgeukia dereva. Akamwambia, "Toa gari turudi nyumbani."

Majuu aligeuka rangi ya majivu. Ndipo Injinia akaruka. "Mawe! Leteni mawe tuweke chini ya magurudumu!"

Kijiwe kikatawanyika kama kuku walioona mwewe. Dakika tano wote wamerudi wanahema, Spika na karai, Bando na gunia, Injinia na karai mbili, ya tatu kaibeba mkewe. Wakatua mizigo. Wakatazamana. Meupe pepepe, yote.

Mzee Gichuru akateremsha kioo. "Mzee Javan, haya si ni ndugu wa yale yaliyozama? Mlikuwa mmeyaweka wapi?"

Majuu aliwatazama mmoja mmoja, taya linacheza. Kisha akamtazama binti yake, akamgeukia mgeni.

"Mtaani kwetu, mzee, akiba tunawekeana nyumba kwa nyumba."

"Kumbe mna umoja hivyo!"

"Sana, mzee!" Bando akadakia. "Hapa cha mmoja ni cha wote."

Gari likasukumwa likatoka. Lakini uwanja ulikuwa umeshakuwa uji, hakuna wa kuvuka kuingia nyumbani. Shangazi Teresiah akatazama huku na huku, akaja kwangu. Akakanyaga mara moja. Akakanyaga tena kwa kisigino.

"Hapa ni pakavu. Hapa pamejengwa na mtu anayejua kazi. Mzee, tuketi hapa. Msichana aliyekua karibu na mama kama huyu hawezi kuwa mbaya."

Viti vikaletwa, maneno ya mahari yakaanza kando ya jiko langu, na Muhonja akapangusa macho. Majuu ndiye aliyebaki amesimama. Alikuwa anatazama chini ya benchi. Pale nilichimba udongo nikautupa, nikapanga vipande vya matofali, nikashindilia na mchi wangu, nikaweka kokoto zenye pembe kama Injinia alivyofundisha. Na juu kabisa, kwa urembo, karai mbili za mawe meupe.

"Mama Ndete," akaninong'oneza. "Na wewe?"

"Vyote ni vya Mungu, Baba Muhonja," nikamwambia, nikimjazia kikombe. "Sukari vijiko vingapi?"