Mwombaji Namba Moja na Wakala wa Upepo

Kwa heshima na taadhima, Mamlaka ya Kusimamia Vivuli vya Mikorosho, Kanda ya Pwani ya Ruvuma, inautangazia umma wa Mtwara kwamba ile tabia ya watumishi kutafuta kazi nyingine mtandaoni huku wamekalia kiti cha mwajiri imekomeshwa kabisa. Mimi, Stefano, Afisa Mkuu wa Nidhamu na Utulivu wa Watumishi Vitini, nimejipa jukumu la kueleza jinsi ushindi huo ulivyopatikana, hatua kwa hatua, ili vizazi vijavyo visije vikadhani kwamba mambo yalitokea ovyo.

Kwanza ieleweke kazi yetu ni nini. Mkorosho una kivuli, na kivuli huhama kadiri jua linavyohama. Pasipo usimamizi, kivuli cha mkorosho wa mtu wa Nanyamba kinaweza kuangukia shamba la jirani asubuhi, kikazunguka mchana, kikarejea kwa mwenyewe jioni bila kutoa taarifa popote. Jamii makini haiwezi kuvumilia hali hiyo. Ndipo tulipoanzishwa sisi. Tuna ofisi Rahaleo, tuna mihuri ya kutosha, na tuna gari ambalo liko gereji.

Mkurugenzi wetu, Mzee Faraji, alikuwa mtu wa maono. Jumatatu moja alitukusanya ukumbini, akasimama, akakohoa kikohozi cha kitaifa.

"Kuna watu humu ndani," alisema, "mwili uko Mamlaka, roho iko kwenye tovuti za ajira. Wanakula hapa, wanachungulia kule. Hao ni wasaliti wa kivuli! Nitakayemkamata ataondoka siku hiyo hiyo, na mshahara wake nitaugeuza mafuta ya gari."

"Gari liko gereji, Mzee," alisema Riziki wa masjala.

"Likitoka!"

Riziki huyo alikuwa Kaimu Mkuu wa Masjala. Alikuwa amekaimu kwa miaka minne, kipindi ambacho kwetu huhesabiwa kuwa utangulizi wa majaribio. Ndiye aliyefungua ofisi, ndiye aliyejibu barua, na ndiye aliyejua kivuli gani kimelalamikiwa na nani. Kwa sababu hiyo watu wengi walimwona kuwa na kiherehere.

Nilitoa mara moja Waraka wa Dalili, nikaubandika kila mlango. Mtumishi aliyevaa tai bila kuwapo mgeni rasmi atiliwe shaka. Mtumishi aliyepiga picha ndogo yenye pazia la bluu nyuma ya kichwa aulizwe maswali. Mtumishi aliyefiwa na bibi mzaa mama zaidi ya mara moja katika msimu mmoja alete bibi au alete maelezo. Kuhusu simu, nilifafanua kwa utaratibu: anayecheka na simu yake hana tatizo, huyo anatazama vichekesho. Anayeitazama simu kwa unyenyekevu, midomo ikitikisika, huyo anaomba kazi.

Matokeo yalikuwa ya kuridhisha. Siku ya pili yake ofisi nzima ilikuwa inacheka na simu.

Hata hivyo, Riziki alionekana dukani kwa Hawabai. Hawabai ana steshenari pale Rahaleo, urithi wa baba yake aliyekuwa na duka Mikindani. Hapo watu hupiga chapa, huskani vyeti, na huketi kwenye kiti cha plastiki kujaza maombi ya kazi mtandaoni huku wakimwambia Hawabai kwamba wamekuja kununua bahasha. Riziki alinunua bahasha mara tatu katika juma moja. Hakuna binadamu mwenye barua nyingi kiasi hicho.

Mzee Faraji aliposikia, alipiga meza. "Ni yeye! Niletee ushahidi kabla ya Ijumaa, Mwalimu." Ananiita Mwalimu kwa kuwa nilisomea ualimu. "Na ukikosa ushahidi, ataondoka hiyo hiyo Ijumaa kwa kukosekana mtuhumiwa mwingine."

Nilimwendea Riziki masjala nikamjulisha, kwa maana mtuhumiwa anayo haki ya kufahamu kwamba haki yake haipo.

Aliweka kalamu chini. "Kaka Stefano, mshahara huu ndio unaomsomesha mdogo wangu chuoni. Nikiondolewa Ijumaa, yeye anarudi Mahurunga Jumamosi kushika jembe, na amebakiza mwaka mmoja tu. Mnataka nifanyeje?"

"Ujiepushe na bahasha," nilimshauri.

"Nimekaimu mpaka kiti kimeota umbo langu, halafu kutazama tu kazi za wenzangu ni dhambi?"

"Si dhambi, dada. Ni kosa la kiutumishi. Dhambi ina toba."

Nikarudi mezani kwangu, nikafikiri sana. Ushahidi hauokotwi, hutengenezwa kwa utaratibu. Nikabuni mtego: nikaandika tangazo la kazi la chombo kisichokuwapo, Wakala wa Upepo wa Pwani. Nafasi: Meneja Mkuu wa Upepo. Mshahara mnono, nyumba inayoelekea Ghuba ya Mikindani, gari lisilo gereji. Atakayeomba, amenaswa.

Tangazo lilikuwa na masharti yote yanayostahili, likiwamo lile tunalolijua sote: mwombaji ambaye tayari ni mwajiriwa apitishe maombi yake kwa mwajiri wake, naye mwajiri aandike kwamba amemruhusu kuondoka. Hawabai, niliyempa kazi ya kulipandisha tangazo mtandaoni na kupokea maombi, aliligusa sharti hilo kwa ukucha kwenye kioo.

"Mwalimu wangu, hili litawafukuza wote. Mtu anatafuta kazi kwa siri, wewe unamwambia akaombe saini kwa bosi wake?"

"Hawabai, sharti hilo lipo katika kila tangazo la heshima. Siwezi kutoa tangazo lisilo na heshima kwa sababu tu ni la uongo."

"Haya, mwanangu. Na Mkurugenzi wenu anajua mchezo huu?"

"Siri hupewa mwenye kuihitaji. Mkurugenzi si mtuhumiwa, kwa hiyo haihitaji."

Nikamwelekeza pia afiche majina ya waombaji, anipe namba tu, ili mtu asihukumiwe kwa ukoo wake. Hawabai akasema nina akili nyingi sana, na kwamba kichwa changu kingekuwa duka, kingejaa bidhaa zisizonunuliwa. Nilishukuru.

Tangazo likasambaa kama moto wa makumbi ya nazi. Kufikia Jumatano kila mtumishi wetu alikuwa amelisoma, na kufikia Jumatano jioni kila mtumishi wetu alikuwa amelitukana. Riziki mwenyewe alimwambia Hawabai, mbele yangu nikiwa nimejificha nyuma ya mashine ya fotokopi: "Nani ataomba hii? Ni sawa na panya kwenda kwa paka kuomba ruhusa ya kuhamia ghala jingine." Kisha akanunua bahasha.

Alhamisi Hawabai alinipigia simu. Alikuwa anacheka kwa namna ambayo si ya kibiashara.

"Yupo mmoja, Mwalimu! Mmoja tu. Amekamilisha kila kitu."

"Mwajiri wake amempitisha?"

"Tena kwa mahaba!"

Akanisomea maneno ya mwajiri, jina likiwa limefichwa. Yalisema hivi: mwombaji ni mchapakazi asiye na mfano, mwenye busara, sura njema na upeo wa kimataifa, mwajiri anamwachia kwa machozi, bila masharti, kuanzia siku atakapofaulu usaili, na kwamba mwajiri amekuwa akimfahamu mwombaji tangu utotoni, wala hajawahi kumwona akikosea.

Nilikaa chini. Mwajiri mwema kiasi hicho sikuwahi kumsikia katika mkoa huu. Nikahitimisha kwamba Riziki ameghushi. Nikapanga usaili ufanyike kwa simu, Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajakwenda msikitini, nami nikamteua Riziki mwenyewe kuwa katibu wa jopo. Hesabu yake ni nyepesi: mtu hawezi kuwa katibu na mwombaji kwa wakati mmoja. Saa ikifika ataomba ruhusa ya msiba, nami nitakuwa nimemaliza.

Ijumaa ikafika. Riziki hakuomba ruhusa. Alikaa kando yangu ukumbini, kalamu mkononi, macho mekundu, kwa kuwa tayari alikuwa amefungasha vitu vyake kwenye mfuko: kikombe, kanga ya kujikinga na kiyoyozi na picha ya mdogo wake. Upande wa pili wa ukuta, ambao ni wa mbao nyembamba kwa sababu za kibajeti, Mzee Faraji alikuwa amejifungia. Mlango wake ulikuwa na tangazo: NIKO KWENYE KIKAO NYETI, NISISUMBULIWE.

Nikaifunika kwa leso simu niliyoazima kwa Hawabai, ili nibadili sauti, nikapiga namba ngeni aliyoiacha mwombaji. Simu ikapokelewa na mtu aliyebana pua.

"Karibu, Mwombaji Namba Moja," nilisema. "Jieleze."

"Mimi ni kiongozi mzoefu," ilijibu sauti. Maneno yalitufikia kwanza kupitia ukutani, kisha kupitia simu. Nikaandika: *Mtandao wa mwombaji ni wa kasi isiyo ya kawaida.*

Riziki aliinua kichwa taratibu.

"Kwa nini unataka kumwacha mwajiri wako wa sasa?"

"Ndugu mwenyekiti, nitakuwa mkweli. Pale nilipo hakuna kazi. Kivuli kinajiendesha chenyewe! Jua likitoka kipo, likizama hakipo. Mimi ni wa kutia saini tu. Na watumishi wenyewe kutwa wanacheka na simu, sijui wamepatwa na nini. Ukimtoa binti mmoja wa masjala, ambaye ndiye anayebeba ofisi nzima, waliobaki ni samani."

"Mbona binti huyo hujamthibitisha?" aliuliza Riziki, naye akiwa ameziba mdomo kwa mtandio.

"Nikimthibitisha atajua thamani yake, aondoke. Uongozi ni kuona mbali."

"Na huku kwenye upepo utafanya nini?" niliuliza kwa sauti kubwa kidogo, kwa sababu leso ilikuwa nzito.

Hapo ukuta ukagongwa kwa ngumi. "Nyie huko!" ilifoka sauti ya Mzee Faraji kutoka upande wa pili. "Punguzeni kelele, niko kwenye kikao!"

"Nyie huko," ikasema simu yangu, "punguzeni kelele, niko kwenye kikao."

Tukanyamaza kwa heshima. Mwombaji naye akanyamaza. Nilikuwa katikati ya kuandika kwamba mwombaji ana nidhamu ya vikao, ndipo kalamu ikanikatikia mkononi, kwa maana nilikuwa nimeelewa. Riziki alikuwa ameelewa zamani. Alikuwa amelala juu ya meza, mabega yakimtikisika, na sauti aliyokuwa akiitoa ilifanana na birika linalokaribia kuchemka.

Akainuka, akaufungua mlango wa kati. Mzee Faraji alikuwa ameketi na tai mpya, simu mkononi, leso juu ya simu. Leso yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Tulitazamana. Nikaitoa leso yangu kwenye simu, nikaikunja.

"Nilikuwa nawajaribu," alisema Mzee Faraji.

"Nami nilikuwa najaribu, Mzee," nilijibu.

"Vizuri. Sote tumefaulu. Kila mtu arudi kazini."

"Sote hatujafaulu, Mzee," alisema Riziki. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Aliyefaulu ni wewe. Ulikuwa mwombaji pekee. Mwenyekiti, tangaza matokeo."

Nilisita. Lakini usaili ulioanza ni lazima umalizike. Hilo ndilo linalotutofautisha na wanyama. Nikasimama, nikatangaza kwamba Mwombaji Namba Moja ndiye Meneja Mkuu wa Upepo.

"Wakala wenyewe haupo!" alifoka Mzee, aliyekuwa sasa ameng'amua kila kitu.

"Hilo ni suala la Wakala," Riziki alisema. "Sisi tuna ruhusa ya mwajiri wako. Amekuachia bila masharti kuanzia siku utakapofaulu usaili. Ni leo."

"Mwajiri ni mimi! Naifuta ruhusa!"

"Ulikuwa wewe mpaka dakika ile uliyofaulu. Sasa umeshaondoka, Mzee wangu. Ukitaka kufuta, umwone Mkurugenzi."

"Mkurugenzi nani?"

Sote watatu tukakitazama kiti chake, kilichokuwa kitupu kwa kuwa alikuwa amesimama.

Nikaandika matokeo ya usaili na pendekezo la Riziki kushika kiti hicho, nikavigonga muhuri. Bodi ya Mamlaka ilikutana Jumanne, ikathibitisha yote, kwa kuwa Bodi yetu huthibitisha kila kilichopigwa muhuri. Riziki sasa ni Mkurugenzi, si kaimu; alikataa kukalia kiti hicho kwa neno lingine. Mdogo wake yuko chuoni. Waraka wangu wa Dalili umebanduliwa, na mtumishi mwenye usaili mahali pengine huaga hadharani, hupewa nauli, na hurudi na habari. Mpaka sasa aliyeondoka ni mmoja tu. Riziki mwenyewe bado hutazama tovuti za ajira wakati wa chai, simu ikiwa mezani wazi, na akiulizwa husema anakagua soko.

Mzee Faraji aliomba arudishwe, hata kwa nafasi ya masjala iliyobaki wazi. Tulimpokea kwa adabu, tukamweleza utaratibu: yeye ni mwajiriwa wa Wakala wa Upepo, hivyo maombi yake yapitishwe na mwajiri wake. Wakala hauna mtu wa kupitisha. Alipendekeza aandike kwamba hana kazi kabisa. Nikamkumbusha, kwa upole wote niliofundishwa, kwamba kudanganya katika maombi ya kazi ni kosa.

Hatukumtupa. Tumempa meza na kiti barazani, upande wa baharini, aanze majukumu yake. Jana aliingia ofisini kwangu amekunja uso, akalalamika kwamba karatasi zake zote zimepeperuka hadi kwa Hawabai. Nimelipokea lalamiko hilo, nikaligonga muhuri, na kuliingiza jaladani kama taarifa ya kwanza ya utendaji wa Wakala.