Mizinga Kumi na Minane ya Nyota ya Bahari

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimepigwa tena! Dakika nne tu. Lucian, mdogo wangu wa Marui, ameipasua manowari yangu kama embe bovu. Kisha akapiga simu kunicheka. Eti pole dada nahodha, rudi kwenye cherehani.

Mchezo huu aliniwekea binti yangu Vailet kwenye simu, nisikae mpweke hapa Sofu. Unajenga meli ya vita ya huko kwenye nyota, unaipanga mizinga utakavyo, mnapigana. Yangu naiita Nyota ya Bahari, kwa heshima ya Mama Maria. Yake anaiita Kinyonga. Hana hata aibu.

Ila Jumapili ndiyo siku yenyewe. Nikishinda, anarudisha merikebu ya baba. Ni ya kuchezea, baba aliichonga kwa mti wa msufi mwaka 1986, moja tu kwa watoto wawili. Akasema atakayeivusha bwawa bila kuizamisha ndiye mwenyewe. Mimi niliwapanga wanasesere wangu wa magunzi wote upande mmoja, ili waone vizuri. Ikapinduka. Lucian akaivusha. Baba hayupo, bwawa limekauka, merikebu iko juu ya kabati la Lucian. Mungu anisamehe, bado inaniuma.

Jumatano, 4 Juni
Hila! Nimempigia wifi Elina, mke wa Lucian, kwa upole mwingi. Nikasalimia watoto, kuku, mihogo. Ndipo nikachomekea: hivi mumeo ana mizinga mingapi siku hizi? Akajibu bila kusita, kumi na saba. Asante Yesu! Nimeweka kumi na minane, yote mikubwa, yote upande wa kulia. Lucian hupenda kuja kulia.

Alhamisi, 5 Juni
Maafa. Nyota ya Bahari inazunguka palepale kama pia. Mizinga mikubwa inageuka polepole, wakati huo vimeli vidogo vya majaribio vinapita chini ya tumbo vinaniuma kama siafu. Nikampigia Vailet, sauti juu: mwanangu, mizinga kumi na minane imenizidi, nazunguka tu, sioni mbele! Akasema nipunguze, nichanganye mikubwa na midogo. Nikamwambia midogo mama yako hainitoshi.

Kugeuka, Laurensia, katibu wa jumuiya yetu, kasimama mlangoni na kitenge chake. Uso umemshuka. Kasema atarudi siku nyingine.

Ijumaa, 6 Juni
Jumuiya nzima imekuja kusali kwangu. Wala si zamu yangu! Nia ya sala: wenzetu waliofungwa na kileo. Ndipo nikaelewa. Mizinga! Wao wanajua ile chupa kubwa ya pombe kali. Nikataka kueleza, nikaona haya. Mwenyekiti mzima wa jumuiya, miaka hamsini, nacheza simu? Bora mlevi. Nikapiga magoti, rozari matendo yote matano, nikajiombea kwa moyo nipone pombe nisiyoijua ladha. Laurensia kanishika mkono, kaninong'oneza nianze kupunguza, hata mzinga mmoja kwa siku. Nikajibu kwamba Vailet naye kasema hivyohivyo.

Walipoondoka tu, Elina akapiga. Eti ile mizinga, mitatu imehamwa na nyuki, imebaki kumi na minne, kama nataka asali niwahi. Nyuki! Kumbe nimepeleleza nyuki!

Jumamosi, 7 Juni
Nimelikumbuka bega la baba. Alikuwa akichota maji kwa mzegazega, mti begani, ndoo mbele, ndoo nyuma. Ndoo ikiwa moja, upande wa pili alining'iniza jiwe. Nilimuuliza kwa nini abebe jiwe lisilo na kazi. Akasema mwanangu, hilo jiwe ndilo linalonibeba mimi.

Nimeipangua meli yote. Mikubwa mitatu kushoto, mitatu kulia, midogo katikati kulinda tumbo. Imenyooka! Nimelia kidogo, juu ya suruali ya mteja.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste
Misa, kisha vita. Kinyonga kaja kulia kama kawaida, ghafla kageukia kushoto. Kushoto nipo! Midogo ikala vimeli vyake, mikubwa ikamvunja mgongo. Nimeshinda! Nimejipigia kigelegele mwenyewe.

Jumatatu, 9 Juni
Lucian kaja mwenyewe kutoka Marui, merikebu ndani ya gunia. Kasema shikamoo nahodha, safari hii bila kucheka. Nikachungulia ndani. Wanasesere wangu wawili wa magunzi, mmoja kila upande! Kumbe aliwaokota bwawani siku ileile. Miaka thelathini na tisa kawatunza, mshenzi huyu. Tukala muhogo kwa asali.

Jumatano, 11 Juni
Merikebu iko dirishani. Wanasesere nimewasogeza wote upande wa barabara, waone watu wakipita. Imeinama kidogo, si neno.

Lucian kapiga, eti nilishinda kwa bahati. Bahati! Nimemwambia turudiane Jumapili, na mshindi achukue merikebu. Safari hii najua atakuja kushoto. Mizinga yote nimeihamishia kushoto, mikubwa mitupu.

Laurensia kapita kuniuliza naendeleaje. Nimemwambia vizuri sana, nimefika ishirini.