Mkwe Mwenye Peugeot Nyeupe

Jumatatu, 8 Julai 1974

Baridi. Ukungu umeatamia mji wa Nyeri kama kuku na mayai yake. Mlima haujaonekana tangu wiki jana. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Watiri, mke wangu, anasoma Kikuyu tu, na mambo ya leo sitaki ayasome.

Nilikwenda kibarazani kwa Moffat kama kawaida. Moffat ni fundi wa nguo karibu na soko. Yeye anakanyaga cherehani, mimi na Munyao tunakanyaga maneno. Munyao ni koplo mstaafu, Mkamba wa Machakos. Aliletwa huku na polisi akasahau kurudi kwao. Tunapiga domo kutoka chai ya asubuhi mpaka Moffat anapofunga. Hakuna anayetulipa. Hatujawahi kukosa kazi.

Leo hoja ilikuwa wakwe. Moffat akaanza: ati mkwe wake wa benki amemletea blanketi mbili. Akazikunjua pale pale ili tuzishike. Munyao naye akasema mkwe wake amemjengea choo cha mawe huko Machakos, na mlango una kufuli. Nikauliza choo kinafungwa kufuli kwa nini, nani ataiba nini? Hawakucheka. Wakanigeukia. Moffat akauliza, kwa upole wa nyoka, binti yangu Wamucii amefika miaka mingapi sasa. Nikasema umri wa msichana si bei ya kabichi. Munyao akasema pole, Mzee Kingori, huyo nesi wako atastaafu akiwa jikoni kwa mama yake.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Sikuufungua mimi. Ulisema Wamucii anaposwa na daktari wa Nanyuki. Habari hiyo mimi nilikuwa naisikia mara ya kwanza, sawa na wao. Ukasema daktari ana Peugeot nyeupe. Moffat akauliza pombe ya posa inakuja lini.

Jumamosi, ukasema mdomo.

Jumamosi hii! Mdomo mpumbavu. Ungesema Desemba ungekufa?

Jumanne, 9 Julai

Nilikwenda mapema kuwaambia nilikuwa natania. Nikamkuta Moffat ameshika futi ya kupimia. Kabla sijasema neno alikuwa ameshanizungushia kifuani. Ati baba mkwe wa daktari hawezi kupokea wageni na koti hili langu, ambalo viwiko vyake vinachungulia barabara. Atanishonea jipya. Bure, kwa urafiki wetu. Nilitaka kukataa. Lakini kitambaa kilikuwa cha kijivu, kizuri, na bitana ndani. Nikaamua kuungama kesho. Mtu haungami akiwa amepimwa kifua tu, bado mikono.

Munyao akasema atakaa upande wangu kama mzee wangu, awe Mkamba asiwe Mkamba. Akauliza jina la daktari. Daktari Theuri, ukasema mdomo. Wa wapi? Wa Wamagana, baba yake ana kahawa. Moffat akasema dada yake ameolewa Wamagana, atamwuliza. Kumbe! Nikamhamisha baba yule mbio mbio: siku hizi yuko Doldol. Munyao amewahi kufanya kazi Doldol. Akasema huko ni ngamia na vumbi, kahawa italimwa wapi? Nikamjibu ndiyo maana mzee huyo ni tajiri, hana mshindani.

Munyao akasema afadhali daktari ni wa hapa hapa. Je, angekuwa mtu wa magharibi, wa Bungoma huko? Nikawapa ile hadithi yangu: mtu wa magharibi akija kuposa, mwenye nyumba alale bandani pamoja na kuku zake, la sivyo asubuhi ataamkia manyoya. Walicheka mpaka Moffat akashona kidole. Hiyo hadithi haijawahi kuniangusha.

Alhamisi, 11 Julai

Balaa. Murugi, mke wa Moffat, hupeleka viazi Nanyuki kila Alhamisi. Leo ati alipita hospitalini kumpa Wamucii hongera! Nikauliza Wamucii alisemaje. Murugi akasema kwanza alisimama kama mti, kisha akauliza mara tatu: Baba amesema? Kwa mdomo wake? Jumamosi? Halafu akamkumbatia na kulia kwa furaha mbele ya wagonjwa, sindano ikiwa mkononi.

Sielewi. Nani hulia kwa furaha kwa ajili ya mtu ambaye hayupo? Nimeamua Murugi anaongeza chumvi, ni ugonjwa wa nyumba ile.

Lakini nilipofika nyumbani Ruring'u, Murugi alikuwa ameshapita kwangu. Nilimkuta Watiri anapaka kuta chokaa. Aliweka brashi chini, akanitazama, akasema: asante, Baba Wamucii. Basi. Akarudi kwenye ukuta.

Watiri hajanishukuru tangu nilipoacha kuimba kanisani. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama huko peke yangu, na ng'ombe ananitazama.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepata njia. Pale stendi yuko Mutahi, mwuza makaa kutoka Sagana, wenzangu hawamjui. Tumepatana: kesho adhuhuri atakuja kwangu akiwa ameoga, alete habari kwamba Daktari Theuri ameitwa ghafla Doldol, watu wanaharisha huko. Posa imeahirishwa. Malipo yake kuku mmoja. Alitaka kuku mbele. Nikampa.

Jioni Watiri amechinja kuku wanne na kuazima vikombe kwa majirani. Nikasema, Mama Wamucii, kuna jambo. Akageuka, uso umemng'aa kama wa msichana. Nikasema jambo lenyewe ni kwamba mlango wa zizi unalia. Akasema nitie mafuta. Nikatia mafuta.

Mdomo wangu ukiitwa kwa uongo unakuja mbio. Ukiitwa kwa ukweli, hauko nyumbani.

Jumamosi, 13 Julai

Lazima niandike.

Adhuhuri. Koti la kijivu limenikaa kama la chifu. Moffat na Munyao wako vitini, wamenyolewa. Mutahi hayupo. Tukangoja, Mutahi hayupo. Bila shaka anatafuna kuku wangu. Mimi ni nani wa kulipa mbele!

Mara, langoni, mzee mwenye kofia, na nyuma yake kijana amevaa tai, amebeba kibuyu cha pombe. Munyao akaruka akapiga saluti. Daktari huyo!

Nikafikiri: Mutahi amenitumia watu. Lakini kwa vile Munyao ameshapiga saluti, ujumbe wa Doldol ulikuwa umekufa. Nikakimbia, nikamvuta kijana nyuma ya ghala la mahindi. Nikamwambia mbio mbio: kuanzia sasa wewe ni Daktari Theuri. Gari yako imeharibika Kiganjo. Baba yako analima kahawa Doldol. Ukiweza, nitakuongezea kuku mwingine. Kijana alinitazama kwa macho ya adabu. Akasema, kwa sauti ya chini, kama ndiyo mila ya huku, Baba, nitajaribu. Sikumsikiliza vizuri. Mtu akikimbizwa na nyati hasikilizi ndege.

Na alijaribu kweli! Alijitaja Daktari Theuri mpaka yule mzee wa kofia akageuza shingo kama bundi. Moffat akauliza kahawa ya Doldol inaendeleaje. Kijana akafikiri, akasema inahitaji mvua. Munyao akavua kiatu akamwonyesha kidole chake kibovu. Kijana akakiinamia kwa muda, akashauri anunue kiatu kikubwa kidogo. Munyao akasema daktari wa serikali hajawahi kumwambia neno la maana kama hilo.

Sherehe ikaniingia kichwani. Mzee wa kofia akamimina muratina, ile pombe ya asali, kwenye pembe, akanipa kwa mikono miwili. Sasa, kila mzee wa huku anajua: baba hagusi pembe ile kabla binti hajaitwa akaulizwa mbele ya watu, mwanangu, ninywe au nisinywe? Binti akisema kunywa, amekubali. Na baba akishameza, amemtoa. Sheria hii nimemfundisha Munyao mwenyewe mara nyingi, na kidole juu. Lakini nikajiambia hii ni pombe ya mchezo, ni pombe ya kuku wawili. Nikanywa. Yote. Nikapangusa mdomo kwa mkono wa koti jipya.

Moffat alishika kichwa.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka akatoka Wamucii, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa amekuja pamoja nao akapitia nyuma, kwa akina mama, kama inavyotakiwa. Alikuwa anacheka. Akauliza mbona Baba amekunywa bila kumwuliza, ana haraka gani ya kumfukuza? Kisha akamgeukia kijana: Simiyu, umewasalimu wazee?

Moffat akasema huyu si Simiyu, huyu ni Daktari Theuri.

Kijana akasimama akaomba radhi. Akasema yeye ni Simiyu, mwalimu wa hesabu Nanyuki, kwao ni Bungoma, na huyu ni mjomba wake. Gari hana, hata baisikeli. Lakini Baba alimwagiza ajiite daktari, naye hakutaka kuvunja mila za Nyeri. Na kuhusu yule kuku, akasema, asisumbuke Baba, yeye amekuja kuposa bure.

Wamucii akaacha kucheka. Nilimwona akiunganisha mambo moja moja, msichana wangu mwerevu. Akauliza taratibu kama nilikuwa namjua Simiyu. Kama nilishawahi hata kusikia jina lake.

Nikautafuta mdomo. Wiki nzima umesema wenyewe. Leo umekauka kama kibuyu cha mwaka jana.

Akasema miaka miwili amemficha mtu huyu. Mama yake anajua, mimi peke yangu ndiye sikuambiwa, kwa sababu ya hadithi ya banda la kuku. Ameisikia mezani. Ameisikia njiani. Ameisikia mazishini. Murugi alipomletea habari hakutaja daktari wala jina, naye akafikiri baba yake amegeuka mtu mwingine. Kumbe, akasema, ulikuwa unashindana na blanketi za Moffat.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Na Simiyu alikuwa amesimama pale, anasikia banda la kuku kwa mara ya kwanza, na mimi nimetoka tu kumwahidi kuku.

Mjomba akachukua kofia yake, akauliza kwa heshima kama waende. Ndipo Watiri, ambaye hajawahi kusema kitu mbele ya wazee, akamwuliza Moffat: pombe imenywewa au haijanywewa? Moffat akasema imenywewa. Na nani? Na mwenyewe baba. Imetapikwa? Haijatapikwa. Basi, akasema Watiri, kilichobaki ni kumwuliza mtoto. Wamucii akasema ndiyo. Alikuwa anamtazama Simiyu, si mimi.

Chakula kikaletwa. Mimi nilipakuliwa wa mwisho. Mjomba akatafuta firigisi ndani ya bakuli, akaja mpaka nilipoketi, akainama, akaniwekea kwenye sahani. Akasema kwao kipande hicho hupewa mtu anayeheshimiwa. Nilikitafuna muda mrefu sana.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda kanisani. Nimelala na blanketi usoni. Koti la kijivu limetundikwa msumarini, linanitazama kama askari. Wamucii alirudi Nanyuki jana bila kunishika mkono.

Watiri aliponiletea uji nilimwambia kwamba nina aibu. Akasema anajua, na kwamba uji unapoa.

Nilipoinuka nilimpelekea Moffat koti lake. Alikataa kulipokea. Akasema nguo haina kosa, na mikono ile hakuna mtu mwingine itamtosha. Hakucheka. Hiyo ndiyo iliniumiza, Moffat asicheke.

Jumatatu, 15 Julai

Simiyu amekuja! Peke yake, kwa basi, shule zikiwa wazi. Ameomba ruhusa. Nilijua amekuja kuvunja. Kumbe ameleta jogoo mwekundu, kwapani. Akasema wale wanne walioliwa Jumamosi wamemkosesha usingizi, asije Baba akaona hadithi ile ni kweli. Akacheka. Nikajaribu kucheka, ikatoka kitu kingine. Nikamwambia kwamba mimi ni mzee mjinga. Akasema Wamucii alimwambia hivyo, lakini pia alimwambia nilimbeba mgongoni kwenda shule wakati wa mvua. Akasema Wamucii atakuja mwisho wa mwezi, nikae nimekaa vizuri.

Nimeapa mbele ya jogoo: mdomo huu hautasema tena kitu ambacho hakipo. Na banda la kuku nimelizika.

Jumanne, 16 Julai

Mlima umeonekana! Mweupe, safi, kama umeoga. Ishara njema. Nikavaa koti nikaenda kwa Moffat, nia yangu kukaa kimya. Walinipokea vizuri. Munyao akavua kofia akaniuliza Mzee Daktari anaendeleaje, na mvua imenyesha Doldol? Nikanyamaza. Moffat akauliza kama nimekuja kunywa kitu bila kuulizwa. Nikanyamaza. Nilikuwa najivunia jinsi nilivyonyamaza. Nilimhurumia mtu yeyote asiyeweza kunyamaza namna ile.

Halafu Munyao akasema ati mkwe wake sasa anaweka bati jipya kwenye kile choo. Moffat akasema wa kwake amepandishwa cheo benki. Wakanitazama, kwa huruma. Huruma! Moffat akasema si neno, mwalimu ni mtu mzuri, hata bila baisikeli.

Nikasikia mlango ukifunguka, ule wa chini ya pua. Ukasema Simiyu ameteuliwa kuwa mkuu wa shule. Ukasema serikali imempa gari. Land Rover. Ya kijani, maana nyeupe tumeshaitumia.

Munyao akaweka kikombe chini. Akauliza tutaiona lini.

Jumamosi, ukasema mdomo.