Kadi Iliyopiga Hodi

Jumatatu, 3 Agosti
Elinipa wangu anaolewa! Mtaalamu wa kompyuta, zao la tumbo hili hili. Mtaa wetu mzima wa Sekei unajua. Asiyejua nitamwambia kesho. Sare ya sendoff, sherehe ya kumuaga, nimeichagua dukani kwa Usha: kitenge cha zambarau, ndege wa dhahabu. Siri! Hedwiga, jirani na mpinzani wangu wa kwaya, anamuaga binti yake Angel wiki moja kabla yetu. Akikiona tu kitenge changu, atauvalisha ukoo wake mzima. Nimekwisha.

Jumanne, 4 Agosti
Nimepata mtandaoni kadi ya mwaliko, ya bure. Maua yanacheza! Tena inakutaarifu nani ameifungua. Hedwiga hatanidanganya tena kwamba mwaliko hakuuona. Elinipa anaonya: mama, faili la namna hiyo hubeba maagizo ndani, ukiliruhusu linafanya kazi kimyakimya, hujui linachukua nini. Kimyakimya! Ndicho ninachotaka. Mtoto amesoma, lakini vita vya kwaya havijui.

Jumatano, 5 Agosti
Nimeifungua kwenye kompyuta ya nyumbani. Ikauliza: Ruhusu? Mimi nimelelewa Meru. Anayepiga hodi hukaribishwa, hata kama ndizi sufuriani ni chache. Nikabonyeza. Maua hayakucheza. Labda yanaona haya.

Alhamisi, 6 Agosti
Balaa! Kadi imebeba picha zangu, ikajituma nazo kwa kila niliyewahi kumwandikia barua pepe. Mchungaji kanipongeza kwa kitenge. Pichani ni mimi nakijaribu mbele ya kioo, mkono kiunoni! Elinipa kazima intaneti, kabadilisha nywila zote. Hakunigombeza. Kanipikia chai. Hiyo ndiyo elimu! Hedwiga naye kaipata. Nimelia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Ijumaa, 7 Agosti
Hodi! Hedwiga, ndani ya zambarau, ndege wa dhahabu kifuani. Akasema, "Shoga, fundi kamaliza sasa hivi. Ulitaka nije uchi kwenye shughuli ya mwanangu Elinipa?" Kumbe sare ya Angel ni ya kijani, waliichagua tangu Pasaka. Akaongeza kwamba kwenye picha nimesimama kama ndege mbuni wa mbuga za Oldonyo Sambu. Tumecheka mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 8 Agosti
Elinipa kabandika karatasi juu ya kioo cha kompyuta: MAMA, USIRUHUSU. Nimeapa mbele yake.

Jioni limeingia faili kutoka kwa Hedwiga. Kadi yenye maua, kama yangu! Kumbe yangu aliifungua. Mpango umefaulu! Linauliza: Ruhusu? Jamani, shoga yangu huyu, na kitenge chake, nimwache mlangoni? Huenda ya kwake inacheza.

Karibu, mama, pita ndani!