Bidhaa Namba Moja

Kurugenzi ya Matoleo ya Awali inayo furaha kuutangazia umma wa Usambara, na dunia kwa ujumla, kwamba jaribio la mfumo wa Mboga Kiganjani limefanikiwa kwa asilimia mia moja. Takwimu ninazo mimi, Edgar, Katibu wa Kurugenzi, na ninazitoa nikiwa nimekaa kwenye benchi la kizuizi chetu cha mazao, kona ya kuteremkia Soni, bega kwa bega na Mwenyekiti wangu, Mheshimiwa Aron Shemweta. Kwa nini tuko hapa tangu asubuhi ni suala la kiutaratibu tu, na nitalieleza.

Mboga Kiganjani ni mfumo wa simu. Mkulima wa Lukozi anaandika ana nini, mnunuzi wa Dar es Salaam anabonyeza, mzigo unapewa namba na gari linateremka. Aliyeutengeneza ni mtaalamu wetu Jenoveva, mama mwenye akili nyingi na adabu ya wastani.

"Tumchukue mkulima mmoja na mzigo mmoja," alisema kikaoni. "Tuone wapi panakwama, turekebishe, turudie. Wiki moja inatosha."

Mwenyekiti alivua miwani. "Yaani twende kwa wananchi na kitu ambacho hatujui kama kinafanya kazi?"

"Ndiyo maana ya kujaribu, Mwenyekiti."

"Kwenye ofisi yangu, dada, kitu kinajaribiwa kikishathibitishwa."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa muda mrefu zaidi, ndiyo kazi ya Katibu. Likapitishwa azimio kwamba jaribio lifanyike ofisini, na sisi wenyewe, kwa wiki kumi na moja. Na ili takwimu zisichafuliwe na watu wanaouza mboga ovyoovyo, tukatoa tangazo: mzigo usio na namba ya mfumo usivuke kizuizi. Namba zenyewe zingeanza kutolewa siku ya uzinduzi.

Hapo ndipo alipoanza kutusumbua Mama Saumu wa Lukozi, mtu mzima, umri wa kumzaa Mwenyekiti. Alikuwa na kabeji, magunia arobaini, msimu wake wote. Alikuja ofisini mara tatu kwa pikipiki, na mara ya mwisho, siku mbili kabla ya uzinduzi, alikuwa ameshazikata.

"Mwanangu, zingebaki shambani zingepasuka," aliniambia. "Nipeni hiyo namba. Zikiniozea hizi, sina kingine mpaka vuli."

"Mama, hali yako imeingia kwenye takwimu," nilimjibu, nikamwandika: mdau mmoja, mwenye hamasa.

Mwenyekiti alipita pale kwenye korido mara zote tatu. Hakumwamkia. Nataka nimtetee. Mtu mwenye vikao vingi namna ile akianza kumwamkia kila aliyemzidi umri, atafika saa ngapi mezani?

Sasa, ofisini kwetu hakuna mboga. Ili jaribio lianze tulihitaji bidhaa ya kwanza ya kuandika, na hapa naomba wenye adabu zao wanielewe. Tangu lini kwenye orodha yoyote ya wilaya hii kabeji ikatangulia jina la Mwenyekiti? Harusini tunaanza na yeye. Msibani tunaanza na yeye. Kwa hiyo nikajaza hivi: Bidhaa namba moja, Mheshimiwa Aron Shemweta. Inakotoka, Kwai. Uzito, kilo mia moja na nne. Ubora, daraja la kwanza, kwa kauli moja. Namba mbili nilijiweka mimi, kilo sabini na moja, daraja la pili, maana sipendi makuu.

Mfumo ukagoma. Ulitaka jina la mkulima mwenye bidhaa. Nikachungulia nje, nikamwona Mama Saumu kakaa kwenye benchi na kilemba chake. Nikamwandika yeye.

"Katibu," Jenoveva aliuliza, "haya majina yatafutwa kabla ya kuzindua, si ndiyo?"

"Jina langu halifutwi na mtu wa kompyuta," alisema Mwenyekiti, akatunga kanuni palepale. Bidhaa itaondolewa sokoni na mkulima wake tu. Ikishaondolewa, mkulima huyohuyo ataifuata aichukue, na isitoke pale ilipo mpaka aje. Bidhaa yenyewe haina mamlaka ya kusaini chochote. Aliisaini kwa kalamu ya kijani.

Jana tulizindua. Palikuwa na keki. Kabla haijaisha, mnunuzi wa Dar es Salaam alibonyeza bidhaa ya kwanza kwenye orodha, mfumo ukatoa namba, na sisi tukakumbatiana. Hakuna aliyeuliza amenunua nini.

Leo asubuhi mimi na Mwenyekiti tulikuwa tunateremka kwenda Tanga, yeye akapokee cheti cha ubunifu, mimi nikakibebe. Tukasimamishwa kizuizini. Pembeni lilikuwepo Fuso la kabeji lililozuiwa tangu jana kwa kukosa namba, na chini yake Mama Saumu alikuwa anabandua majani yaliyogeuka njano. Mwenyekiti alimpita mara ya nne.

Mlinzi Ismaili tulimfundisha wenyewe, semina ya siku mbili.

"Shikamoo, mzee. Jina?"

"Hunijui?"

"Nakujua sana, mzee. Nakutafuta kwenye mfumo." Akasukuma kidole kwenye simu. "Umo. Bidhaa namba moja, umeshanunuliwa. Kilo mia na nne." Akakuna kichwa. "Sasa hii ni lumbesa, mghosi. Gunia likizidi mia, nazuia."

"Mimi siyo gunia."

"Hapa wameandika daraja la kwanza," alisema Ismaili kwa heshima zote.

Mwenyekiti aliomba karatasi asaini amri ya kujiachia. Ismaili akamsomea kanuni ya bidhaa kutosaini. Tukampigia Jenoveva, naye akasema pole, yeye ni mtu wa kompyuta tu. Alibaki mtu mmoja mwenye uwezo, na mikono yake ilikuwa imejaa majani ya kabeji.

"Mwambie anitoe," Mwenyekiti aliniagiza.

"Aniambie mwenyewe," alisema Mama Saumu. Akajifuta mikono. "Nimekuja kwako mara tatu. Umenipita kama nguzo ya umeme. Kabla hatujafika kwenye mzigo, mwanangu, tuanzie mwanzo."

Nilisikia aibu, na sikuwa hata na fomu ya kuiandika.

"Shikamoo, mama," alisema Mwenyekiti.

"Marahaba." Kisha akaichukua simu ya Ismaili, yangu ikiwa bado hewani. "Jenoveva, huyu nikimtoa, namba yake naweza kuzipa kabeji zangu?"

"Unaweza, mama. Bonyeza jina lake, halafu 'badilisha'."

Akabonyeza. Mheshimiwa akatoka, kabeji zikaingia. Mnunuzi alijibu hapohapo kwamba anashukuru, ndizo alizokuwa anataka tangu jana. Ismaili akainua mti wa kizuizi, Fuso likaondoka na mwenye mali amekaa mbele na dereva. Mkulima mmoja, mzigo mmoja. Ilichukua muda mfupi kuliko kukata keki.

Tulipotaka kufuata, mti ukashuka.

"Bidhaa iliyoondolewa inafuatwa na mkulima wake," alisema Ismaili. "Na wewe Katibu umo, namba mbili. Mama amekutoa pia, alisema hana soko la daraja la pili."

Mkulima wetu sasa yuko njiani kwenda Dar es Salaam. Kuhusu kurudi kutuchukua, alisema ataangalia kama ana pa kutuweka. Cheti kimetolewa saa nne bila sisi. Watu wa Malindi yetu ya milimani na Lukozi wanapita na mizigo yao, na Mwenyekiti anawaamkia wote shikamoo, mmoja mmoja, hata wale aliowazidi umri.