Sauti Nzito ya Fundi Viatu

Jumatatu, 4 Machi

Leo naanza shajara. Nikishakuwa mwongozaji maarufu, watu watataka kujua nilianzaje. Basi wasome hapa.

Mwalimu ametangaza jambo kubwa. Ijumaa mwenye studio ya video atakuja chuoni kutazama filamu zetu za dakika tatu, kila moja kuhusu mtu mmoja akiwa kazini. Atachagua mwanafunzi mmoja akafanye kazi kwake. Mmoja tu! Wenzangu wakaanza kutazamana kwa wasiwasi. Niliwahurumia.

Filamu yangu inamhusu Shangazi, mshonaji, ambaye ndiye ninayeishi kwake. Amesema wazi: nisipochaguliwa, Jumatatu ijayo naingia kwenye chumba chake cha cherehani kushona vifungo vya sare za shule. Mashati mia nne. Kila shati vifungo saba. Sikutaka kupiga hesabu.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Jumamosi nilimrekodi Shangazi saa mbili nzima. Leo nimefungua picha nizihariri, nikakuta saa mbili za sakafu. Sakafu, viatu vyangu, sakafu, mfuko wangu kwa ndani. Inaelekea kila nilipodhani naiwasha kamera nilikuwa naizima, na nilipodhani naizima nilikuwa naiwasha. Shangazi ametokea sekunde nne. Kisigino. Kamera za chuo hazifai kabisa.

Darasa zima lilicheka isipokuwa Kimya, yule dada wa kompyuta ya dirishani. Tunamwita hivyo kwa sababu anaweza kumaliza wiki bila kutamka neno. Amemfuata fundi viatu wa mtaani kwa wiki tatu. Nimeichungulia filamu yake. Nyundo, gundi, vidole vyeusi, kisha kiatu cha mtoto kinarudi kikiwa kama kipya. Nimeona wivu, sina haja ya kujificha kwenye shajara yangu mwenyewe.

Lakini mtu asiyesema ana haja gani na filamu nzuri? Filamu ile inahitaji mtu mwenye mdomo.

Jioni Shangazi aliniuliza kama ametoka vizuri. Nikamwambia ametoka kama malkia. Akafurahi, akasema basi anajishonea gauni jipya la Ijumaa.

Jumatano, 6 Machi

Kimya ameenda kung'olewa jino! Bahati iliyoje!

Nimekaa kwenye kompyuta yake, nikanakili faili la mradi wake kwenye flashi yangu. Sekunde moja. Kazi ya wiki tatu, sekunde moja! Wenzangu hulalamika kwamba video ni nzito. Hawajui kubeba. Nimelifungua papo hapo kutoka kwenye flashi, na fundi alikuwepo, nyundo ipo, gundi ipo. Nimefuta jina lake nikaweka langu, kwa herufi kubwa zaidi. Zake zilikuwa za kinyonge.

Kimebaki kitu kimoja: sauti yangu. Nimejifungia stoo ya taa, koti kichwani ili mwangwi usiingie, nikasoma maelezo kwa sauti nzito. Nilipomaliza kusoma nikampigia binamu simu kumsimulia mpango mzima. Tulicheka mpaka koti likaanguka. Kisha nikaihifadhi sauti humo humo kwenye flashi.

Mpango ni huu: Ijumaa nitaomba kuonyesha wa kwanza. Atakayefuata na fundi viatu yule yule ndiye atakayeonekana mwizi. Na Kimya hatasema neno.

Alhamisi, 7 Machi

Kimya bado hajaja, shavu limevimba. Nimerudi kwenye kompyuta yake nikaunganisha sauti na picha. Ukanda wa sauti yangu umekuwa mrefu kuliko filamu, unapita hadi nje ya skrini. Bila shaka sauti nzito huchukua nafasi.

Mwalimu amerudia sheria zake mbili kama kasuku. Ya kwanza, vaa vipokea sauti usikilize ulichorekodi mpaka mwisho. Sauti yangu naijua tangu nizaliwe. Ya pili, filamu ikiisha itoe iwe faili moja linalojitegemea. Nilijaribu. Kompyuta ikasema nisubiri dakika arobaini. Kungoja ni kwa wasiojiamini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekuwa wa kwanza, kama nilivyopanga. Mwenye studio alikaa mbele, pembeni yake Shangazi, gauni la zambarau na kilemba chake. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya ukumbini.

Jina langu likatokea. Kubwa! Halafu skrini yote ikawa nyekundu, na maandishi: picha haipatikani.

Sauti yangu nzito ikasema tazameni mikono hii. Nyekundu. Ikasema tazameni machozi ya furaha. Nyekundu. Mwenye studio akajisogeza mbele, akatikisa kichwa kwa heshima. Alidhani ni sanaa! Dakika tatu nzima nilikuwa na matumaini.

Kisha sauti ikaendelea. Nikasikika nikimwambia binamu kwamba nimemchukulia Kimya filamu yake na hana mdomo wa kulalamika. Nikasikika nikisema Shangazi atakaa mbele na gauni lake akidhani ataonekana yeye, na kwamba hatagundua chochote, maana hata redio hajui kuiwasha.

Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi hakupiga kelele. Alisimama, akanyoosha gauni lake taratibu, akasema mbele ya watu wote kwamba redio anajua kuiwasha vizuri sana. Kisha akatoka. Niliona aibu. Aibu ya kweli, kwa dakika kama mbili.

Kimya, aliyerudi chuoni leo asubuhi, akafungua mdomo! Shavu limevimba, lakini akaeleza kwamba faili la mradi halibebi picha, linakumbuka tu zilipowekwa, na picha zilibaki kwenye kompyuta yake. Kisha akaonyesha filamu yake. Watu walifuta machozi. Amechaguliwa yeye.

Jumatatu, 11 Machi

Shati la ishirini na tisa. Redio inawaka tangu asubuhi, sauti juu kabisa. Shangazi hajanisemesha.

Nimefikiri sana, nikagundua kosa langu. Flashi ilikuwa ndogo mno! Picha zingeingiaje?

Na leo nani kaja? Kimya! Studio imemtuma kumpiga picha Shangazi akishona. Shangazi amevaa lile gauni la zambarau, anacheka na Kimya tangu alipofika. Mimi nimehojiwa kidogo kama mshona vifungo, nikabandikwa maikrofoni ndogo kolani. Sasa wako nje wanapiga picha ya mlango, na kompyuta ya Kimya iko wazi mezani, karibu na mkasi.

Nimeazima flashi ya binamu, kubwa mara nne. Nimenakili faili la mradi. Nusu sekunde! Nimempigia binamu papo hapo kumweleza kila kitu, na tumecheka sana. Maikrofoni sijaivua. Inanipendeza.